MAFUTA, DIVAI NA DINARI MBILI

Somo: Injili ya Luka 10:25-37

 

Leo twataka kuzungumza juu ya kazi ambayo wengi huisikia katika taarifa ya habari bila kujua jinsi inavyotendeka. Mto ukivunja kingo zake, au ardhi ikitetemeka na kuangusha nyumba, twaambiwa kwamba madaktari na wauguzi wa kujitolea wamekwenda kusaidia. Je, wanakwenda kufanya nini hasa? Kwa nini misaada mingine huokoa maisha, na mingine huwaongezea watu taabu? Na sisi tusiojua kumchoma mtu sindano, tuna sehemu gani katika kazi hiyo?

Maswali haya si ya watu wa mbali tu. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, maji yenye matope na mawe yaliteremka ghafula karibu na Mai Mahiu, yakazoa nyumba na watu waliokuwa wamelala. Makumi ya watu walikufa mahali hapo pekee. Katika msimu huo wa mvua, watu wapatao 300 walipoteza maisha nchini Kenya, na maelfu ya jamaa walilala shuleni na makanisani. Basi mlango uliobishwa usiku ule ulikuwa wetu.

Fungueni Biblia zenu katika Luka sura ya 10. Mwanasheria mmoja alitaka kujua mpaka wa ujirani uko wapi, ili ajue ni nani anayempasa kumpenda na ni nani anayeweza kumwacha. Bwana Yesu hakumchorea mpaka. Alimsimulia habari za mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya kwenda Yeriko, na za Msamaria aliyemhurumia. Tumezoea kusikia habari hizo kama mafundisho juu ya moyo mwema. Naam, ndivyo zilivyo. Lakini tukizitazama polepole, twaona kwamba Msamaria huyu hakuwa na moyo mwema tu, bali alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alikaribia, akatibu vidonda, akamchukua juu ya mnyama wake, akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi. Hatua hizo tano ndizo tutakazozifuata asubuhi ya leo.

KWANZA: ALIKARIBIA

Kuhani na Mlawi waliona, lakini walipita kando. Msamaria alikaribia. Hatua hii yaonekana kuwa ndogo, lakini katika maafa ndiyo inayookoa watu wengi zaidi.

Tetemeko la ardhi likiangusha nyumba, wengi wa wanaotolewa wakiwa hai chini ya vifusi hutolewa na jirani zao, kwa mikono mitupu, kwa majembe na kwa mitaimbo, katika saa za kwanza. Hospitali ya mahema kutoka nchi nyingine, hata ikija kwa ndege, hufika baada ya siku kadhaa. Mtu anayevuja damu nyingi hawezi kungoja siku kadhaa. Pengine hawezi kungoja hata robo saa. Kwa hiyo daktari wa kwanza wa maafa ni yule aliye karibu, awe amesoma au hakusoma.

Yafaa basi kila mmoja wetu ajue mambo machache. Damu ikitoka kwa nguvu, chukua kitambaa safi, weka juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu bila kuachilia kila mara kutazama. Mtu aliyezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu ili matapishi au damu isimzibe koo. Aliyeanguka kutoka juu au kuangukiwa na ukuta, usimvute wala kumkalisha, maana mfupa wa mgongo ukiwa umevunjika waweza kumlemaza kabisa. Mwondoe tu ikiwa mahali alipo pana hatari kubwa zaidi, kama vile moto au maji yanayopanda. Na usiingie katika maji yaendayo kasi kumfuata mtu. Mtupie kamba, mti au dumu tupu la kuelea. Wengi wamezama kwa sababu ya upendo usio na kamba.

Mambo haya hufundishwa katika mafunzo ya huduma ya kwanza na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, na pia na St John Ambulance. Hayahitaji elimu ya chuo kikuu. Kijana wa shule ya Jumapili aliyetimia miaka kumi na minne aweza kuyajifunza, na mama wa shambani vilevile.

Hata Msalaba Mwekundu wenyewe ulianza kwa kukaribia. Tarehe 24 Juni 1859, majeshi yalipigana karibu na Solferino, katika Italia ya kaskazini, na maelfu ya majeruhi wakaachwa bila matunzo. Henry Dunant, mfanyabiashara Mprotestanti kutoka Geneva, alikuwa amefika huko kwa shughuli zake. Hakuwa daktari. Katika mji wa Castiglione aliwakusanya watu wa mji, hasa wanawake, wakawaosha majeruhi vidonda, wakawapa maji, wakawalaza makanisani, bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya mambo aliyoyaona, na mwaka 1863 kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu ikaundwa. Dunant huyo alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha Y.M.C.A. huko Geneva. Lakini angalieni: hakuridhika na machozi ya siku ile. Aliuliza kwa nini watu wa kujitolea hawaandaliwi na kufundishwa wakati wa amani, ili wawe tayari siku ya shida itakapokuja. Swali hilo hata leo halijazeeka.

PILI: MAFUTA NA DIVAI

Msamaria alimimina mafuta na divai juu ya vidonda. Zamani zile ndiyo iliyokuwa dawa. Divai ilisafisha jeraha, na mafuta yalipunguza maumivu. Leo hatufanyi hivyo. Twaosha jeraha kwa maji mengi safi na sabuni, kisha twampeleka mtu apate chanjo ya pepopunda, hasa ikiwa jeraha liliingiwa na maji ya mafuriko au udongo. Dawa zimebadilika, lakini fundisho halikubadilika: Msamaria alitumia kilichofaa kwa kidonda kilichokuwa mbele yake.

Katika maafa, ugonjwa huja kwa zamu. Siku za kwanza ni za majeraha, mifupa iliyovunjika na watu walionusurika kuzama. Juma la pili na la tatu huleta kuhara, kipindupindu na magonjwa ya kifua, kwa sababu vyoo vimefurika, maji yamechafuka na watu wamesongamana. Maji yakianza kupungua na kuacha madimbwi, mbu huzaana na malaria hupanda. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, Homa ya Bonde la Ufa ilizuka upande wa Garissa, na malaria ikawapiga vikali watu wa Wajir. Tena kuna wagonjwa wanaosahauliwa: mwenye kisukari aliyepoteza dawa katika maji, mwenye shinikizo la damu, anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI asiyeweza kukosa hata siku chache. Na akina mama hawaachi kujifungua kwa sababu mto umefurika.

Wengi hudhani kwamba maiti za waliokufa katika mafuriko au tetemeko ndizo zinazoleta magonjwa ya kuambukiza, kwa hiyo huzikwa haraka katika shimo moja bila majina. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba miili ya watu waliokufa kwa majeraha au kwa kuzama kwa kawaida haianzishi milipuko ya magonjwa. Maradhi hutoka kwa walio hai wasio na maji safi wala vyoo. Basi jamaa wapewe nafasi ya kuwatambua wafu wao na kuwazika kwa heshima. Huko nako ni kutibu jeraha.

Sasa twende katika nchi ya India, mwaka 1971. Mamilioni ya watu walikuwa wamekimbia vita vya Bangladesh, na katika kambi ya Bongaon kipindupindu kiliwaangusha vibaya. Maji ya kutia mishipani yalikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya sukari, chumvi na magadi ya dawa, wakayeyusha katika maji safi, wakaweka katika mapipa yenye bomba. Mama, baba na ndugu wakawanywesha wagonjwa wao wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Hapo kwanza, wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale walionyweshwa, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100. Wakati ule madaktari wengi hawakuamini kwamba kitu rahisi hivyo chaweza kushinda ugonjwa mkali hivyo. Leo pakiti za ORS zapatikana katika kila zahanati. Ikiwa hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge. Usizidishe chumvi, maana yaweza kumdhuru mtoto. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo, huku mkimpeleka kituo cha afya. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya.

Lakini si kila kitu kilicho katika chupa ni dawa ya jeraha lililo mbele yetu. Desemba 1988 tetemeko kubwa lilipiga Armenia. Dunia nzima ilihurumia, na tani zisizopungua 5,000 za dawa na vifaa vya tiba zikapelekwa. Ni sehemu ipatayo 30 tu katika 100 iliyoweza kupangwa na kutumiwa kwa urahisi. Nyingine zilikuwa zimepita muda wake, nyingine zimeharibika, na nyingi zilikuwa na maandishi ambayo hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Watu 50 walifanya kazi kwa miezi sita kuzichambua tu. Fikirini: mikono mia moja, katika nchi iliyojaa majeruhi, inachambua vidonge! Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa zinazotolewa ziwe zimeombwa, zijulikane na wenyeji, na ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake.

Wapenzi, neno hili latuhusu sana sisi wa makanisa. Msiba ukitokea, tangazo hutolewa Jumapili, na katoni hujaa vidonge vilivyobaki majumbani. Nia ni njema, lakini vidonge vilivyobaki vya nyumba ishirini si dawa ya mtu yeyote. Toeni fedha kwa hospitali au chama kinachofanya kazi mahali penyewe, wanunue wanachohitaji. Na mwenye afya aweza kutoa kitu kimoja ambacho hakiuzwi katika duka lolote, nacho ni damu.

TATU: MNYAMA WAKE MWENYEWE

Maandiko yatuonyesha kwamba Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake yeye mwenyewe. Hakumtafutia mwingine mzigo wa kumbeba, wala hakuwa mzigo mwenyewe.

Januari 12, 2010, tetemeko lilibomoa mji wa Port-au-Prince katika nchi ya Haiti. Vikundi vingi vya kujitolea vilikimbilia huko, na wengi walifanya kazi ya ajabu. Lakini wengine walifika bila chakula, bila maji, bila mahali pa kulala, wakawa wageni wa kulishwa na watu wenye njaa. Wengine hawakuwa na ujuzi wa kazi waliyoifanya. Watu wakakatwa viungo pasipo maandishi yoyote ya kuonyesha ni kwa nini, wala nani angewaangalia baadaye.

Kutokana na mambo kama hayo, Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni za vikundi vya tiba ya dharura mwaka 2013. Kikundi cha daraja la kwanza ni cha kutibu wagonjwa wasiolazwa, na kikiwa na kituo chake kiweze kuwahudumia angalau 100 kwa siku. Cha daraja la pili kiwe pia na vitanda visivyopungua 20 na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi mchana na usiku. Cha daraja la tatu ni hospitali kubwa ya rufani. Na kila kikundi kije na maji yake, chakula chake, umeme wake, dawa zake na namna ya kutupa taka zake, kwa majuma mawili au zaidi. Kijiandikishe kwa serikali ya nchi hiyo. Madaktari na wauguzi waonyeshe vyeti vyao. Na kila mgonjwa aandikiwe karatasi yake.

Labda mtu atauliza: upendo wahitaji vyeti na taka? Sikilizeni jambo la kuhuzunisha. Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko, kipindupindu kilizuka Haiti. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiliingia kwa uchafu wa vyoo uliomwagika mtoni kutoka kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kulinda amani. Zaidi ya watu 800,000 waliugua, na karibu 10,000 walikufa. Desemba 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliwaomba radhi watu wa Haiti. Choo kibaya cha wasaidizi kiliua watu ambao tetemeko liliwaacha hai. Basi anayejali choo cha kambi ampenda jirani yake kama vile ampendavyo yule ashonaye jeraha.

Kwa hiyo ushirika ukiwapokea watu waliohamishwa na maji, jambo la kwanza si vipaza sauti wala picha. Ni maji na vyoo. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita zipatazo 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20, cha wanawake mbali na cha wanaume. Mzee wa kanisa mwenye kuhesabu madumu afanya kazi ya utabibu.

NNE: NYUMBA YA WAGENI

Msamaria hakubaki njiani akimtunza majeruhi peke yake. Alimpeleka kwa mtu mwenye mlango, kitanda na jiko, mtu ambaye angekuwapo kesho na keshokutwa. Mwenye nyumba ya wageni hatajwi sana katika mahubiri, lakini bila yeye mgonjwa asingepona.

Katika maafa, mwenye nyumba ya wageni ni muuguzi wa zahanati ya mahali pale, mkunga, dereva wa gari la wagonjwa, mchota maji. Usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira katika Msumbiji. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Hospitali kuu ya Beira iliharibiwa. Wauguzi wengi wa mji huo walikuwa wamepoteza nyumba zao wenyewe, lakini walirudi kazini. Vikundi vya nje vilikuja na hospitali za mahema, na vilihitajiwa sana.

Machi 27 kipindupindu kilithibitishwa. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ikaanza kutolewa, na kwa muda wa juma moja hivi watu zaidi ya 800,000 walikuwa wameipokea. Wagonjwa walipita 6,000, lakini waliokufa kwa kipindupindu hawakufika hata kumi. Ilikuwaje? Chanjo ilitoka nje, lakini waliozunguka mitaani wakipita nyumba kwa nyumba, waliojua lugha na vichochoro, walioaminiwa na akina mama, walikuwa wenyeji. Wageni na wenyeji walishikana mikono, na vituo vya matibabu vikafunguliwa mapema. Mgeni mwenye hekima humwuliza kwanza mwenye nyumba: wewe wahitaji nini?

Na hapa twakumbuka jambo jingine. Yule majeruhi alikuwa amelala nusu mfu, na Msamaria hakumwuliza dini yake kabla ya kumfunga jeraha. Vivyo hivyo mgonjwa asilazimishwe kusali ndipo apewe kidonge. Asipigwe picha katika uchi wake na unyonge wake ili ipelekwe kwa wafadhili. Aliyefiwa asilazimishwe kusimulia msiba wake mbele ya watu. Akitaka kusema, keti usikilize. Akinyamaza, keti tu naye. Tukimshuhudia Kristo, na tumshuhudie kwa mikono iliyo safi kwa kila namna.

TANO: DINARI MBILI, NA AHADI YA KURUDI

Hatimaye Msamaria alitoa dinari mbili, akasema kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Huyu alijua kwamba jeraha haliponi kwa siku moja.

Kuna maafa yasiyo na ngurumo. Mahali ambapo zahanati ni mwendo wa siku nzima, ambapo mama akishikwa na uchungu usiku hana gari, ambapo mtoto mwenye mdomo uliopasuka hukua akifichwa nyuma ya nyumba, pana mafuriko yasiyotangazwa. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao katika Afrika Mashariki, ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Waliona kwamba mgonjwa wa mbali hawezi kumfikia mpasuaji, basi mpasuaji amfikie mgonjwa. Ndege ndogo zilitua katika viwanja vya vumbi, na simu za upepo zikaunganisha hospitali za misheni zilizokuwa mbali, hata muuguzi aliye peke yake akaweza kumwuliza daktari afanyeje. Lakini wapasuaji hao hawakupasua tu na kuondoka. Walirudi tena na tena, na walifundisha wenyeji kazi.

Hapo ndipo penye tofauti. Siku hizi makanisa mengi huandaa kambi za matibabu za siku moja au mbili. Watu hupanga foleni tangu alfajiri, hupimwa, hupewa dawa. Ni jambo jema. Lakini mzee aliyegunduliwa kuwa na shinikizo la damu akapewa vidonge vya siku thelathini, siku ya thelathini na moja atakwenda wapi? Kambi isiyo na jibu la swali hilo ni mafuta na divai bila nyumba ya wageni. Kambi njema hukubaliana mapema na zahanati iliyo karibu. Humwandikia kila mgonjwa karatasi ya kwenda nayo. Huwaita wauguzi wa pale wakae mezani pamoja na madaktari wageni. Na huacha jina la mtu wa ushirika atakayemtembelea mzee huyo mwezi ujao.

Wenye kutembelea wapo. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yao ya vifaa. Wengi wa watu hawa walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa kujitolea kwa miaka mingi. Bila shaka mmoja wao aketi katika benchi la kanisa lenu. Je, mwamjua? Je, mmewahi kumwombea kwa jina, au kumwuliza ni nyumba gani imemlemea?

Sasa tukusanye maneno yetu. Kabla mvua nyingine haijanyesha, kila ushirika waweza kufanya haya. Andikeni majina ya wauguzi, matabibu, wakunga na madereva walio miongoni mwenu, wafanyao kazi na waliostaafu. Waalikeni wafundishaji wa huduma ya kwanza, na Umoja wa Vijana na Chama cha Akina Mama wawe wa kwanza kujifunza. Wekeni kanisani sanduku lenye bendeji, glavu, sabuni, tochi, dawa ya kusafisha maji na pakiti za ORS, na awepo mtu mwenye ufunguo anayejulikana. Chagueni mapema mahali pa kuchimba vyoo. Tengeni mfuko mdogo wa fedha, hata kama ni shilingi chache kila mwezi, usioguswa kwa sherehe. Na mzungumze na zahanati yenu kabla ya shida, maana rafiki wa siku ya shida hutafutwa siku ya amani.

Mwanasheria aliuliza ujirani waishia wapi. Mwisho wa hadithi, Bwana aligeuza swali, akamwuliza ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyeumia. Wahenga wetu nao walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hatuulizwi tena ni nani anayestahili kusaidiwa. Twaulizwa kama sisi tumekuwa jirani, na kama tulikuwa tayari tulipopita njia ile.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, twakushukuru kwa ajili ya wote waliokaribia wakati wengine walipopita kando. Uwatie nguvu wauguzi na madaktari walio kazini usiku na mchana, na wahudumu waendao kwa miguu mahali pasipo barabara. Uwafariji waliopoteza wapenzi wao katika maji na katika vifusi. Utupe moyo wa huruma, nawe utupe pia mikono yenye ujuzi, ili wema wetu usimdhuru mtu. Utufundishe kujiandaa siku ya amani, na kurudi tulikoahidi kurudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.